Lete Karatasi

Kwa miaka minane tumekuwa tukiandikisha wakatekumeni na wachumba katika misioni yetu, na kwa miaka minane tumekuwa tukimwambia neno moja kila mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa zamani: "Lete karatasi." Mtu anakuja na mwanamke anayetaka kufunga naye ndoa takatifu. Tunauliza: Ulikuwa na mke mwingine? "Ndiyo, Mwalimu, lakini tuliachana." Mliachana wapi? "Mbele ya tribinali ya sekta." Vema, lete karatasi. Naye anakwenda. Wengine wanarudi baada ya juma mbili, wengine baada ya mwaka, na wengine hatuwaoni tena ila siku ya Noeli, wamesimama nyuma karibu na mlango.

Hatukufikiri sana juu ya hao wasiorudi. Tulisema moyoni: hawana nia. Tungesema hivyo mpaka leo kama neno lile lisingeingia nyumbani mwetu wenyewe.

Jambo hili lilipoanza, Mama yetu hakuwa mbatizwa. Wasomaji wengine watashangaa: mama wa katekista, tena katekista aliyesoma seminari, hakuwa mbatizwa? Ndivyo ilivyokuwa. Alifuata mafundisho mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya vita, sisi tukiwa watoto wa shule. Mara ya pili ni katika kambi ya Kala, kule Zambia, tulikokimbilia pamoja na maelfu ya watu wa Moba na Pweto. Mara ya tatu ni baada ya kurudi kwetu, mwaka 2008. Sala alizijua zote, amri alizijua, na kambini ndiye aliyewafundisha watoto wadogo Baba Yetu. Lakini kila mara, majina ya watakaobatizwa yaliposomwa, jina lake halikuwamo.

Baba ni mbatizwa tangu utoto. Wamekaa pamoja tangu mwaka 1985, wamezaa watoto sita, na sisi sote tumebatizwa. Lakini tangu siku alipomchukua Mama, Baba hakupokea tena Komunyo. Wakati wa Komunyo watu wanatoka benchi kwa benchi, nao wawili wanabaki wameketi, wakiikunja miguu ili wengine wapate kupita. Tulikua tukiiona miguu ile. Baadaye, tulipokuwa tukisimama mbele kuongoza nyimbo, bado tuliiona.

Sababu ilikuwa moja. Mama alipokuwa msichana aliolewa kimila, huko juu Marungu, na mtu mwingine. Wote wawili hawakuwa wabatizwa. Ndoa ile haikudumu. Ilivunjwa mbele ya tribinali ya sekta, mali ikarudishwa, Mama akashuka kukaa kwa mama yake mdogo kule Kalemie. Huko ndiko Baba alikomkuta.

Sasa, Kanisa halidharau ndoa za kimila za watu wasiobatizwa. Wawili wakipatana kwa hiari yao, mbele ya wazee, kwa desturi ya nchi yao, ndoa yao ni ndoa kweli, na haitoshi kusema ni mambo ya zamani yaliyokwisha. Lakini Mtakatifu Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 7, alisema juu ya mtu aliyekuja kwenye imani na mwenzake asiyeamini akataka kutengana naye. Tangu zamani Kanisa limeyashika maneno hayo, na mpaka leo yamo katika sheria yake: wasiobatizwa wawili wakioana, kisha mmoja akabatizwa na mwenzake akakataa kukaa naye kwa amani, huyo mbatizwa anaweza kufunga ndoa mpya, na ndoa mpya ndiyo inayofungua ile ya kwanza. Ila ni lazima mambo yajulikane kwa hakika. Mume yule alikuwa nani? Hakubatizwa kweli? Yuko wapi? Ni lazima aulizwe yeye mwenyewe kama anataka kubatizwa, au walau kama anataka kukaa na mke wake kwa amani bila kumchukiza Muumba. Utamwuliza nani ikiwa huna jina wala kijiji?

Ndiyo maana padri anaomba karatasi. Tunapenda kulisema wazi, kwa sababu wakristu wengi wanafikiri kwamba mhuri wa leta unafungua mlango wa kanisa. Wabatizwa waliofunga ndoa takatifu, hata wakipewa hukumu ya talaka na tribinali kubwa namna gani, wanabaki mume na mke. Wakiona kwamba ndoa yao haikuwa ndoa tangu mwanzo, wapeleke neno lao kwa tribinali ya Askofu, ambayo Papa Fransisko alifupisha njia yake mwaka 2015. Na huko pia wataulizwa karatasi. Karatasi ni shahidi tu. Lakini ni shahidi asiyesahau wala kuogopa wakwe.

Padri wetu wa sasa alipofika hapa, juma la kwanza alituuliza: "Mwalimu, na mama yako je?" Tukamjibu kama tulivyozoea kujibu: karatasi iliungua wakati wa vita. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Uliiona ikiungua?"

Hatukuiona. Wala Baba hakuiona. Usiku ule tulimwuliza Baba, na kwa mara ya kwanza alituambia kwamba kabla ya vita alikwenda kuitafuta, siku mbili kwa baiskeli. Karani wa wakati ule alimwomba feza kabla ya kufungua kitabu. Baba hakuwa na feza. Alirudi, na aibu ikamzuia kwenda mara ya pili. Halafu vita vikaja, naye akapata jibu la kuwaambia mapadri: imeungua. Jibu lile lilikaa nyumbani mwetu zaidi ya miaka ishirini, kama kiti ambacho hakuna anayekikalia na hakuna anayekitoa.

Tulianza kwa kumwuliza Mama mwaka. "Sijui mwaka," alisema. "Ni wakati feza ilipokufa."

Wazee watakumbuka. Tarehe 25 Desemba 1979, siku yenyewe ya Noeli, serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kwa kiasi kilichopangwa. Vijijini, mbali na benki, wengi walibaki na karatasi za kuwashia moto. Mama alieleza hivi: mjomba wake, ambaye kwetu sisi Watabwa ndiye mwenye kupokea na kurudisha mali ya msichana, alikuwa amerudisha mali ile kwa noti. Kisha Noeli ikafika, feza ikafa, na ndugu za mume wakarudi kugomba. "Na Papa alipokuja Kinshasa," akaongeza, "mimi nilikuwa nimekwisha kufika Kalemie. Tulisikiliza kwa radio ya jirani." Papa Yohane Paulo II alifika Kinshasa mwezi wa Mei 1980. Tazameni, mama asiyejua kusoma alitupatia mwezi na mwaka vizuri kuliko watu wengi wenye diploma. Tutafute kati ya Januari na Aprili 1980.

Basi tukafunga safari. Tukapanda mashua kutoka Kalemie kushuka upande wa kusini wa ziwa, usiku mzima kati ya magunia ya chumvi na mbuzi wawili waliokuwa wagonjwa wa mawimbi kuliko sisi. Kosa letu la kwanza tulilifanya huko mjini: tulikwenda moja kwa moja kwa tribinali ya amani, kwa sababu tulisoma kwamba talaka ni kazi yake. Ni kweli, leo ni kazi yake. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, inasema talaka inatolewa na tribinali tu, wala si baraza la jamaa wala shefu wa kijiji. Lakini hukumu ya mwaka 1980 inakaa pale ilipokatwa. Karani kijana wa mjini alituambia kwa upole: "Baba Mwalimu, hapa vitabu vyetu ni vya juzi tu. Huko zamani kila sekta na kila ufalme ulikuwa na tribinali yake. Panda kule kule." Seminari ilitufundisha vifungu vya sheria ya Kanisa kwa Kilatini, lakini haikutufundisha jambo hili dogo: uliza kwanza nani alikata neno, ndipo upande pikipiki.

Tukapanda pikipiki. Juu Marungu kuna baridi ambayo watu wa ziwani hawaijui. Ofisi ya sekta ilikuwa imefungwa. Karani alikuwa shambani. Tulimngoja siku mbili.

Alipofika, mzee mwembamba mwenye koti la mvua, alisikiliza neno letu lote, kisha akasema itatakiwa kitu kidogo cha kufungulia sanduku. Tulijisikia hasira, tukamkumbuka Baba na baiskeli yake. Tulikuwa tayari kumhubiria. Lakini kwanza tulimwuliza sanduku hilo ni sanduku gani. Akatuambia. Vita vilipokaribia, watu wakikimbilia porini, yeye na mke wake walibeba sanduku la bati lenye vitabu vya tribinali, wakalifukia chini ya ghala la mahindi. Mke alitaka kubeba masufuria. Karani akamwambia masufuria yatanunuliwa. Waliporudi, ofisi ilikuwa haina paa wala mlango, lakini sanduku lilikuwako. Tukauliza kwa nini alifanya hivyo. "Watu watagombania mashamba," alisema. Hakufikiri juu ya ndoa hata kidogo. Na mshahara wake, alituambia bila kulalamika, anauona kama anavyouona mvua wa kiangazi.

Tulimpa kile kitu kidogo. Hatuseme kwamba tulifanya vema. Padri alipotuuliza baadaye tulimwambia ukweli, naye alitikisa kichwa tu. Lakini kwa nakala yenyewe tuliomba karatasi ya malipo yenye mhuri, tukaipata, na tunawashauri wote kufanya hivyo.

Vitabu vile havikupangwa kwa majina. Vimepangwa kwa siku: neno lililofika leo linaandikwa chini ya neno la jana, na kila neno lina namba yake. Mbuzi aliyeibwa, shamba, matusi, deni la pombe, mke aliyekimbia, vyote katika mstari mmoja. Tukasoma Januari, Februari, Machi, Aprili. Panya walikuwa wamekula pembe za chini. Jina la Mama halikuwamo. Tukasoma tena. Jioni karani akaweka taa ya mafuta mezani, akasema: "Unatafuta jina gani?" Tukamwambia. "Hilo ni jina la leo," akasema. "Mwaka 1980 nani aliandika hivyo?"

Kweli tulikuwa wajinga. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristu, na hata watu ambao hawakuwa na jina la Kikristu walibadilisha, wakaongeza majina ya mababu, wakaacha mengine. Mama aliandikwa jina alilopewa na nyanya yake siku alipozaliwa, jina ambalo sisi watoto hatukulisikia ila mara moja, kwenye kilio cha mjomba wake. Kwa bahati tulikumbuka pia jina la huyo mjomba. Tukalitafuta lile, na tukaliona katika mwezi wa Februari: mjomba ameshitakiwa na kaka wa mume juu ya feza iliyokufa. Hukumu ilikuwa fupi. Mali ilirudishwa mbele ya mashahidi katikati ya Desemba, noti zikiwa bado nzima. Aliyezipokea ndiye aliyezilaza nyumbani mpaka Noeli. Hasara ni yake. Tulicheka, na karani akacheka. Halafu chini ya hukumu hiyo tukaona namba ya neno lingine, la mwaka uliotangulia, ambalo mali ile ilitokana nalo.

Tungeweza kurudi mjini na karatasi hii peke yake, kwa sababu ilikuwa na majina na kijiji. Lakini namba ile ilituita. Kitabu cha 1979 kilikuwa chini kabisa ya sanduku.

Nyumbani kwetu habari ya ndoa ile ya kwanza ilijulikana hivi: mume alimfukuza Mama kwa sababu hakuzaa. Ndivyo mjomba alivyosema siku zote, ndivyo shangazi walivyosema, na Mama hakusema kitu. Katika kitabu, mahali pa mshitaki, palikuwa na jina la Mama. Yeye ndiye aliyeshitaki, mwezi wa Oktoba 1979, msichana ambaye hakufika miaka ishirini. Mjomba wake amesimama upande wa mume, akiomba arudishwe kwa mumewe. Waamuzi walimrudisha kwa muda ili wajaribu tena kupatana. Katika mwezi wa Novemba amekuja mara ya pili, peke yake, kwa miguu kutoka kijiji kilicho mbali, naye amewaonyesha waamuzi mkono wake wa kushoto. Karani wa siku zile ameandika namna mkono ulivyokuwa. Hatutarudia maneno yake hapa.

Tangu utoto tunajua kwamba mkono wa kushoto wa Mama haunyooki. Alitwambia alianguka akichota maji.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mzee karani hakuuliza kitu; alipunguza taa kidogo, kwa sababu mafuta ni ghali.

Asubuhi tuliandika barua ya kuomba nakala, kama inavyotakiwa, kwa Shefu wa sekta: majina ya wote wawili kama yalivyo katika kitabu, namba za hukumu, tarehe, na sababu ya kuomba. Walituomba karte yetu ya mchaguzi, na pia barua ya kuonyesha kwamba Mama ametutuma, kwa maana hukumu ni yake, si yetu. Barua hiyo hatukuwa nayo. Ilitubidi kumpigia padri simu kutoka juu ya kilima, penye mti ambapo mtandao unashika, naye akamwendea Mama, akaweka kidole chake kwenye barua mbele ya mashahidi wawili, akatuma picha kwa simu. Shefu aliitazama picha ile, akasema zamani tungengoja mwezi mmoja. Karani alinakili hukumu zote mbili kwa mkono, polepole, neno kwa neno, pamoja na makosa ya kuandika ya yule wa zamani. Kisha sahihi, kisha mhuri. Wino ulikuwa umekauka. Aliupulizia pumzi mara tatu mpaka ukakubali.

Tangu safari hiyo tumewasindikiza watu wengine saba kwa maofisi ya namna hii, na tumejifunza kidogo. Ndoa nyingi za kimila zilivunjwa na wazee tu, chini ya mwembe, na kwa hizo hakuna karatasi popote. Usimchoshe mtu kutafuta kisichokuwako, mtafutie mashahidi wangali hai, waape mbele ya padri. Kama neno lilifika kwa sekta au ufalme, tafuta huko. Kama ni talaka ya siku hizi, kwa tribinali ya amani, usiridhike na nakala ya hukumu peke yake: omba pia cheti kinachosema kwamba siku za rufaa zimepita bila mtu kukata rufaa, maana hukumu ambayo bado inagombaniwa si neno lililokwisha. Kisha peleka vyote kwa ofisi ya leta iliyoandika ndoa, ili talaka iandikwe pembeni ya ndoa katika kitabu chao. Watu wengi wanaliacha hilo la mwisho, na siku wanapotaka kuandikisha ndoa mpya wanaambiwa kwamba mbele ya leta wangali na mke wa zamani. Mwanamume mmoja wa hapa kwetu alikuwa na hukumu ndani ya biblia yake miaka kumi na moja, akiamini amemaliza. Na jueni majina ya zamani, ya wote wawili, na ya aliyepokea mali. Mwaka, kama haujulikani, unapatikana kwa kuuliza mambo: feza ilikufa kabla au baada? Vita vilikuwa vimefika? Mtoto wa fulani alikuwa amezaliwa?

Wako wasiopata. Tulikwenda na mama mmoja mahali ambapo kitabu cha mwaka wake kiko, lakini kurasa zimekatwa kwa wembe. Karani wa huko alisema watu walifungia karanga wakati wa njaa. Labda. Neno la mama huyo sasa liko kwa mashahidi, na wawili kati ya watatu ni ndugu za mume.

Turudi kwa Mama. Tulifika nyumbani siku ya posho jioni. Baba alikuwapo, na Mama alikuwa akipepeta unga. Tulitaka kumsomea ile karatasi ya Februari tu, ya feza iliyokufa, kwa sababu inachekesha, na ile nyingine tumpelekee padri kimya. Tulimsomea. Alicheka sana. Kisha akanyosha mkono wa kulia.

"Na hiyo ya pili?"

"Ni ile ile, Mama."

"Soma, mwanangu. Usiruke."

Tulisoma. Tulipofika kwenye habari ya mkono sauti yetu ilipotea kidogo, naye akangoja, kisha akasema tuendelee. Tulisoma mpaka mhuri. Baba aliinuka akatoka nje, tukasikia akizungumza na mbuzi.

"Kumbe aliandika," Mama alisema.

Tukauliza: nani?

"Karani yule. Alikuwa kijana, hakuinua macho hata mara moja. Mjomba wangu alikuwa akisema kwa nguvu, na mimi sauti yangu ilikuwa ndogo. Miaka yote hii nilifikiri aliandika maneno ya wanaume tu."

Aliichukua karatasi akaitazama, ingawa hajui kusoma, akauliza mahali penye jina lake ni wapi. Tukamwonyesha. Ikabidi tumwonyeshe pia neno "mshitaki" na kumweleza maana yake.

Mambo mengine yalikwenda upesi kuliko tulivyotazamia. Jina na kijiji vilikuwapo; padri wa upande ule akamtafuta mume yule, akamkuta mzee mwenye wake wawili na wajukuu wengi. Askofu alitoa ruhusa aulizwe kabla ya Mama kubatizwa, kwa sababu ya uzee wake na umbali. Aliulizwa yale mawili. Hakubatizwa kamwe, wala hataki. Kuhusu kukaa tena na Mama alijibu kwamba mwanamke yule alikwisha kumshinda mara moja mbele ya waamuzi na inatosha. Akaweka kidole chake kwenye karatasi. Padri aliyemwuliza aliandika kwamba mzee alijibu bila hasira, na kwamba mwishoni aliuliza kama mkono umepona.

Hilo hatukumwambia Mama mpaka padri wetu aliposema tumwambie. Alisikiliza, akaendelea kuchambua maharagwe, na hakujibu.

Alibatizwa katika kesha la Pasaka, na baada ya juma mbili alifunga ndoa na Baba, Misa ya asubuhi, wajukuu wakiwa wamejaa benchi mbili. Wakati wa Komunyo walitoka wote wawili. Watu waliokuwa nyuma yao, kwa mazoea ya miaka mingi, waliinua miguu juu kupita mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nakala za hukumu ziko kwa padri. Mama aliomba apewe moja. Tulimwandikia tena ile ya 1979 kwa mkono wetu, bila mhuri, naye ameiweka katika mkebe wa sukari pamoja na karte yake na picha ya mjomba.